Mkunga wa Nyumba ya Wenye Kahawa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa blauzi yake nyeupe, mkunga huyu wa Butembo hupapasa kuta za maternite, nyumba ya kujifungulia, kutafuta unyevu, na akiukuta huugombeza kwa Kinande kama anayemkaripia mtoto. Nyumba ile ilijengwa na familia ya matajiri wa kahawa, walewale walioletea mtaa maji ya bomba. Vita vilipowakimbiza hadi Kampala, yeye alibaki. Mikono yake mifupi hunukia sabuni, na sauti yake haipandi hata mama akipiga yowe: "Sukuma, mama. Polepole. Tuko pamoja."

Mchana mmoja kamanda aliingia na askari wake, akitaka maternite iwe kambi. "Wenyewe balishakimbia," alisema. "Nyumba hii haina mwenyewe tena." Mkunga, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya mama mwenye uchungu, hakugeuka. "Iko naye, afande. Anazaliwa sasa hivi. Kama unataka kumufukuza, ngojea kwanza atoke." Kichwa kilikuwa kimeshaonekana. Kamanda alibaki mlangoni, akavua kofia, na mtoto alipolia aliwaamuru watu wake wakalale katika kiwanda kitupu cha kahawa. Mkunga alikata kitovu, akamlaza mtoto kifuani pa mama yake, kisha akanawa mikono. Katika chumba cha pili, mama mwingine alikuwa ameanza kumwita.