Mwaloni wa Idi

Nilitoka Kondoa kwa sababu ya mti. Majirani walinicheka, na mimi ningewacheka vilevile. Lakini Raya, mjane wa kaka yangu Idi, alinipigia simu kutoka Birmingham akilia: "Wifi, mwaloni wa Idi unakufa. Ukifa na huu, nimebaki na nini?" Kaka aliununua kwa sababu muuzaji alimwambia mti huo kwao ni kwenye milima mikavu, akaona ni kama amepata mtu wa nyumbani.

Alfajiri nilipanda basi la Dodoma, kisha Dar es Salaam, kisha ndege. Kesho yake saa saba mchana nilikuwa Birmingham, manyunyu yananipokea pamoja na Raya. Tulipanda basi mpaka mtaani kwake Kings Heath, kwenye barabara ya maduka ambako watu wanabeba mifuko yao taratibu na mvua haimshughulishi mtu.

Hata chai sijanywa, akanipeleka uani. Mti wenyewe mfupi, unanifika kiunoni, vijani vidogo vyenye miiba, vingi vimegeuka manjano. Nikatia kidole kwenye udongo ndani ya chungu ulimopandwa. Ulikuwa matope, unanuka kuoza.

"Unaumwagia maji mara ngapi?"

"Mara tano kwa siku. Natia udhu kwenye beseni, maji nayaleta huku. Tangu nilipokaa eda. Yana baraka, wifi."

Nikapangusa kidole kwenye kanga. Kisha nikaona bora utani unisaidie. "Wewe Mpemba umezaliwa kwenye mvua. Huu ni Mrangi kama mumeo, ukame ndio kwao. Unauzamisha."

Hakucheka. "Kwa hiyo ninayeuua ni mimi?"

Iliniuma sana. Nikamshika mkono nikamwambia hakujua, na kwamba kwa ajili ya Idi hata mimi ningeumwagia.

Asubuhi tukautoa kwenye chungu. Nusu ya mizizi ilikuwa myeusi, laini kama ndizi iliyooza. Tukaikata, tukaupanda upya kwenye mchanga na kokoto. Maji ya udhu yakahamia kwenye nanaa ya pembeni. Kwa wiki tatu nilimwona Raya akitoka na beseni lake, anasimama mbele ya mti, anashusha pumzi, anapita. Siku zile nilimpenda kuliko zamani.

Siku ya kuondoka nilikwangua gome kwa ukucha. Ndani kijani; mti ulikuwa hai. Raya naye akakwangua, akarudia, akarudia, mpaka nikamzuia.

Kondoa nilikuta vumbi lilelile nililoliacha, ila sikulilalamikia tena. Nimejifunza kwamba kuna vitu ukivipenda inabidi uvinyime. Juzi Raya kanitumia picha ya vijani vitatu vipya, chini kaandika: "Wifi, leo sijaupa kitu. Nimeusalimia tu, nikaingia ndani."