Zamu Isiyo Yangu

Mama yangu husema nilisimama kabla sijajua kukaa, na kwamba tangu siku hiyo sijakaa. Ni kweli. Kanisani natafuta nafasi karibu na mlango. Kwenye foleni nabadili mguu huu na ule mpaka aliye nyuma yangu ananiuliza kama nimebanwa haja. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mpe stashahada ya uuguzi na ukunga, kisha umwambie asubiri ajira.

Nilisubiria Mwanza. Kwetu ni Kagera, lakini kurudi nyumbani na cheti mkononi na kukaa jikoni kumenya ndizi kulinitisha kuliko njaa. Nilipanga chumba Buzuruga, nyuma ya stendi, na kila asubuhi nilikwenda kujitolea kwenye zahanati moja ya upande wa ziwani, ambako wagonjwa wetu wengi walikuwa wake za wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kujitolea maana yake unafanya kila anachofanya mtumishi. Unavaa sare ileile, unachoma sindano zilezile, unapima watoto, unazalisha. Lakini mtu akikuuliza unafanya kazi wapi, unaanza kwa kukohoa.

Kilichotuweka pale sisi wa kujitolea kilikuwa neno moja lililozunguka kila zahanati: nafasi zikitoka, aliyejitolea atapewa kipaumbele. Hakuna aliyejua neno hilo lilitoka kwa nani. Mimi nililiamini kwa sababu nilimwona kwa macho yangu mtu ambaye nafasi yake ingekuwa yangu. Muuguzi mkuu wa pale alikuwa mama wa Kisukuma, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, naye alikuwa amekaribia kustaafu. Siku atakayoondoka, nilijiambia, ataondoka yeye na nitaingia mimi.

Shangazi yangu ana duka la dawa Nyamagana, karibu na soko. Kila nikimtembelea alinirudia maneno yaleyale.

"Njoo dukani. Kiti kipo, feni ipo, mshahara upo. Huko ziwani unangoja nini?"

"Nangoja mtu astaafu, shangazi."

"Hiyo ni kungoja urithi wa mtu aliye hai," akasema, akaendelea kupanga vidonge vyake.

Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa hivyo hasa.

Halafu ikaja taarifa ya mafunzo. Wahudumu wa zahanati walikuwa wanaitwa mjini kujifunza namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kila kituo kilipewa nafasi moja. Niliitaka nafasi ile mpaka mikono ikawasha. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumezalisha mtoto ambaye hakulia. Tulimsugua mgongo, tukamsugua tena, akalia mwenyewe kwa rehema za Mungu. Chuoni tulikuwa tumeonyeshwa ambu, ule mpira unaouminya kumpulizia mtoto hewa, lakini darasa lilikuwa limejaa na mimi niliuona kwa mbali, kati ya mabega ya watu. Tangu siku ile, kila mama aliyeingia na uchungu aliniingizia hofu.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ambaye sote tulimwita daktari, alitangaza kwenye kikao cha asubuhi kwamba anakwenda mama muuguzi mkuu. Ilikuwa zamu yake.

"Daktari," nikasema, "mama anastaafu karibuni. Mafunzo yale atakwenda kuyatumia kwenye shamba la pamba?"

Watu wakainamisha vichwa. Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale.

"Zamu ni zamu," daktari akajibu. "Na wewe si mtumishi. Kesho ukipata kazi kwingine, mafunzo yanaondoka na wewe."

Hilo lilikuwa kweli, maana kila siku nilipoamka nilikuwa nawaza kuondoka. Nilitoka nje nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Kazini kwetu mtu akitoka mafunzoni lazima atoe mrejesho, yaani awafundishe wenzake alichofundishwa. Ni utaratibu mzuri, na tunautekeleza hivi: siku inapangwa, chapati zinaagizwa, chai inachemshwa. Aliyekwenda anasimama na kusema mafunzo yalikuwa mazuri sana, wakufunzi walikuwa wazuri sana, na chakula kilikuwa kizuri ila siku ya pili nyama ilikuwa ngumu. Watu wanapiga makofi. Mgonjwa anabisha hodi, mrejesho umekwisha.

Mama muuguzi alirudi na mrejesho wa namna hiyo, na kitu kingine zaidi: mdoli wa mazoezi, wa ukubwa wa mtoto mchanga. Ukimpulizia hewa sawasawa kifua chake kinapanda, ukikosea hakipandi. Daktari alimpokea, akamgeuzageuza, akamrudisha kwenye nailoni yake na kumfungia kabatini.

"Wakija wakaguzi wamkute mzima," akasema.

"Si tungemtumia kidogo kwanza, daktari?"

"Akipasuka tutajibu nini?"

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuhojiwa na wakubwa kwa sababu ya mizani iliyovunjika, na tangu hapo kila kifaa kipya alikiona kama kesi inayomsubiri. Lakini siku hiyo sikutaka kuelewa. Nilirudi Buzuruga nimevimba kwa hasira, nikamtengeneza mtoto wangu mwenyewe. Kichwa kilikuwa kopo la siagi, na uso wake kifuniko nilichokitoboa tundu la mdomo. Shingoni nilipitisha kipande cha mpira wa maji, mwisho wake nikaufunga glovu ya mkononi iwe ndiyo mapafu, kisha nikamviringisha kanga kuukuu. Ukipuliza, kanga inainuka. Nilicheka peke yangu chumbani, na nadhani jirani alinisikia.

Asubuhi nilimkuta mama muuguzi peke yake kwenye chumba cha kujifungulia. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mtoto."

Alimchukua, akamtazama usoni, akacheka mpaka akashika kitanda. "Heee! Huyu kachukua sura ya baba yake." Alipomaliza kucheka akanitazama. "Tangu nimerudi unaniangalia kama nimekula chakula chako. Nakuona, binti."

"Umekula, mama."

Nilifikiri atanifukuza. Akavuta meza, akamlaza yule mtoto wa kopo juu yake.

"Basi njoo tule wote kilichobaki."

Tukaanza hivyo, kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika. Aliweka ambu ya zahanati mikononi mwangu na kunisimamia. "Shingo! Umemkunja shingo, hewa itapita wapi?" Nikilegeza barakoa ya ambu usoni mwa mtoto, alinichapa kiganja kwa ncha ya kanga yake. Nilipoanza kuzoea, akabadilisha. Akaenda kusimama nje ya mlango na kujifanya mama mkwe wa mzazi. "Mbona halii? Nyie wauguzi, mbona mtoto halii? Mmemfanya nini mjukuu wangu?" Akagonga mlango, akalia kilio cha msiba. Mikono yangu ikavurugika mara moja.

"Unaona?" akasema aliporudi ndani. "Kule mjini tulijifunzia kwenye kimya. Huku kimya hakipo."

Nilimpenda asubuhi ile. Nilimpenda na bado nikawa nataka aondoke, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Akaondoka. Tulimfanyia sherehe ndogo, tukamvisha kitenge, wenye machozi wakatoa. Mwanawe alikuja kumchukua kwa gari kumpeleka Sengerema, wavukie daraja pale Busisi. Kabla ya kupanda alinishika mkono. "Mimi nimepisha," akasema. "Sasa ni zamu yako."

Majina ya ajira yalipotoka, nilikuwa kliniki napima watoto. Nilisoma orodha kwenye simu kutoka juu hadi chini, nikarudi kutoka chini hadi juu, kana kwamba jina linaweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Halikuwemo. Nafasi ya zahanati yetu alipangiwa kijana kutoka Njombe.

Nililia chooni, kisha nikatoka nikamalizia kupima watoto.

Yule kijana alifika na begi moja na sweta ambalo hakulihitaji. Nilitaka sana awe na majivuno. Hakuwa nayo. Aliniita dada, aliuliza kabla ya kugusa kitu, na alikiri waziwazi kwamba tangu amalize chuo alikuwa analima viazi kwao, hajamgusa mgonjwa. Nilimtafutia sababu ya kumchukia nikaikosa, na hilo likaniudhi zaidi.

"Mwenzako ni mgeni," daktari akaniambia. "Mwelekeze."

"Nimwelekeze kazi yangu?"

"Siyo kazi yako. Ni nafasi ya serikali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Au siyo?"

Mwenyeji alikuwa hajapona. Jioni hiyo nilimpigia shangazi nikamwambia ninakuja Jumatatu. Alifurahi mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

Ijumaa, ambayo niliihesabu kuwa siku yangu ya mwisho, alikuja msichana mwenye uchungu, mke wa mvuvi, na mama mkwe wake, bibi mmoja mzee, nyuma yake amebeba beseni na kanga. Kijana ndiye aliyempokea. Mimi nilikuwa napanga vitu vyangu. Jua lilikuwa juu, mlango wazi, mashuka yanapepea kambani. Nikasikia mtoto ametoka, maana mama alishusha pumzi ile ndefu. Nikangoja kilio. Hakikuja.

Niliingia. Kijana alikuwa amemkausha mtoto vizuri, amemsugua, amefanya vyote vya mwanzo, kisha mikono yake ikasimama hewani. Alinitazama. Sitalisahau lile jicho. Nikachukua ambu, nikamnyoosha mtoto shingo, nikabana barakoa, nikaminya. Kule nje bibi akaanza: mbona halii, jamani, mbona halii? Akaupiga mlango kwa kiganja. Mikono yangu ikaendelea. Kifua kikapanda. Kikashuka, kikapanda tena. Mtoto akakunja uso kama mtu aliyetukanwa, akalia.

Bibi aliingia bila kuitwa, akampita kila mtu mpaka kwa kijana, akapiga goti. "Wabeja sana, dakitali. Asante dakitali wangu."

"Si mimi, bibi," kijana akasema. "Ni huyu dada."

Bibi akanigeukia, akanitazama juu hadi chini. Kisha akamuuliza daktari, ambaye alikuwa amefika mlangoni: "Na huyu ni nani hapa?"

Nilimwangalia akitafuta neno, nikajua halipo.

"Mimi naondoka leo, bibi," nikasema.

"Unaondoka?" Akasimama, magoti yakalia. "Nina mkaza mwana mwingine nyumbani, anakaribia. Akija hapa atamkuta nani?"

Yule kijana alikuwa anaangalia mikono yake.

Nilitoka nje nikampigia shangazi. Nikamwomba anipe wiki moja.

"Ya nini?"

"Ya kumfundisha mtu aliyepata nafasi yangu."

"Mwanangu, wewe una kichaa," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

Wiki ile nilimfundisha kama nilivyofundishwa, kwa kumpigia kelele. Nilisimama nje ya mlango nikalia kilio cha msiba mpaka wagonjwa wa kweli wakaja kunipa pole. Alikuwa mwepesi wa kushika. Kuna saa nilitamani awe mzito, nipate sababu ya kubaki. Siku ya mwisho alinishukuru kwa maneno mengi, nami nikamwambia asiniletee hotuba, aniletee maji.

Dukani kweli kuna kiti na feni. Sikikalii kile kiti. Nasimama mbele ya kaunta mchana kutwa, na shangazi ananiambia ninawatisha wateja, wanadhani nataka kuwafukuza. Mafunzo yakitangazwa kwa watumishi wa vituo, nasikia kwa wateja. Majina yakitoka, nasoma. Bado sijaacha kusoma.

Mchana mmoja, duka limejaa na mama mmoja ananieleza kikohozi cha mumewe, simu ikaita. Ilikuwa namba ya kijana. Nikapokea, hakunisalimu. Nilisikia beseni likianguka, nikasikia wanawake wanapiga vigelegele, na katikati ya hayo mtoto mchanga analia kwa nguvu zake zote.

"Dada, unamsikia?" akasema. Naye alikuwa analia. "Alikuja kimya. Ni yule mkaza mwana wa bibi. Unamsikia?"

"Namsikia," nikasema.

Nilifurahi mno, na kwa mara ya kwanza tangu nije dukani nilikaa kwenye kile kiti. Na papo hapo niliumia, tena sana, kwa sababu nilipaswa kuwa katika chumba kile, na ambu ile ilipaswa kuwa mikononi mwangu. Sikukata simu. Niliiacha sikioni, mtoto akaendelea kulia, na yule mama wa kikohozi akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Kuna mtu amezaliwa."