Biskuti Zisizonukia Dagaa

Mbwa wangu alilala shambani, na hilo lilikuwa sharti la shangazi tangu siku ya kwanza. Shangazi ndiye aliyenilea, ndiye mwenye nyumba ninayoishi hapa kijijini Kanga na ndiye mwenye sufuria zote, kwa hiyo neno lake kwetu ni zito kuliko la mwenyekiti wa kijiji na mkuu wa wilaya wakipandishwa mzani mmoja.

"Mbwa wa kulinda shamba karuhusiwa," aliniambia. "Mbwa wa kunusanusa mlangoni kwangu, hapana. Akilamba chombo changu utakiosha mara saba, na moja kwa udongo, na udongo wenyewe utauchimba wewe."

Sikubishana. Mbwa nilimtaka kwa sababu ya nguruwe mwitu. Watu wa mjini wakisikia nguruwe mwitu hufikiria mnyama. Wa kwetu ni greda. Akiingia kwenye matuta ya muhogo, asubuhi unakuta shamba limelimwa upya, na wewe hukuomba msaada. Mwaka ule nguvu zangu zote nilikuwa nimezimwaga kwenye muhogo, ekari yangu moja iliyo pembeni mwa barabara ya kwenda Bweni, na mlinzi wangu alikuwa yule mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Jina hakuwa nalo. Nilimwita "we," naye aliitika vizuri kuliko watu wengi wenye majina matatu.

Kasoro yake ilikuwa moja. Chini ya shamba langu, ukishavuka minazi, kuna dago, yaani kambi ya wavuvi wanaotoka wilaya nyingine za pwani kuja kuvua dagaa. Dagaa wao huwachemsha kwa maji ya chumvi, kisha huwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa kwenye vichanja. Upepo ukivuma kutoka baharini, harufu inapanda hadi kwangu. Mimi mwenyewe ilinitoa mate, sembuse mbwa. Alikuwa anakwenda, anakula mpaka tumbo linakuwa ngoma, anarudi anakunywa maji kama mtu anayetaka kuikausha bahari, anatapika, halafu mchana kutwa anajikuna. Manyoya yalianza kumtoka mgongoni.

Asubuhi moja mkuu wa dago akapiga hodi. Ni mtu mzima, mpana, sauti yake unaisikia kabla hujamwona.

"Msomi yupo?"

Hilo ni jina nililopewa na kijiji tangu nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaoza mabinti. Wengine huniita hivyo kwa heshima. Sio wengi.

"Nipo. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya yule ndugu yako wa miguu minne."

"Kafanya nini?"

"Niulize hakufanya nini! Jana kala, kashiba, kisha kapanda juu ya kichanja kalala. Juu ya dagaa! Sasa dagaa waliolaliwa na mbwa na kulambwa na mbwa, mimi nimuuzie nani? Vijana wanataka kummaliza. Nimewazuia, lakini mama yake si mimi. Siku nyingine siwazuii."

Shangazi akajibu kutoka uani, bila kuja mlangoni. "Na mkishamwua, nguruwe mtakuja kuwafukuza nyinyi?"

"Bi mkubwa, sisi kazi yetu ni ya majini."

"Basi nguruwe hawaogelei. Mna bahati."

Mkuu wa dago alicheka, lakini alipoaga aliniangalia machoni, na nilijua hakuwa anatania. Kumfunga mbwa kamba nisingeweza. Mbwa wa kufungwa humbwekea nguruwe tu, na nguruwe wetu wameshabwekewa sana. Ilibidi abaki shambani kwa hiari yake. Kwa hiyo ilibidi apate shambani kitu kinachompendeza kuliko dagaa.

Nikaingia kwenye simu. Simu yangu kioo chake kimepasuka hata kila anayetokea humo anaonekana ana makovu, lakini inafanya kazi. Nikampata mama mmoja wa ng'ambo mwenye jiko kubwa kuliko zahanati yetu, anawaokea mbwa wake biskuti: shayiri, boga, siagi ya karanga, oveni. Shangazi alitazama mpaka mwisho hakupepesa.

"Huyo mbwa anaolewa?"

"Hapana, shangazi. Ni chakula cha afya."

"Mimi nimeolewa sikuokewa hivyo."

Kilichomlainisha kilikuwa kitu kimoja. Makombo ya ugali au uji wa mbwa hutaka bakuli, na bakuli la mbwa katika nyumba ile ni kesi. Biskuti ni kavu. Unamrushia, anadaka, anatafuna, hakuna chombo kilicholambwa wala mkono uliolowa. Shangazi alilifikiria hilo, akaingia jikoni, akatoka na sufuria isiyo na mkono, akaifunga kitambaa chekundu ukingoni.

"Hii imeshakwenda. Isirudi jikoni kwangu hata kwa kupotea njia."

"Lakini mbwa hataigusa, shangazi."

"Sufuria inajua imempikia nani."

Nilimpigia simu bwana mifugo, akaniambia mambo mawili tu: chumvi asipewe, vitunguu vya aina yoyote asipewe. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana shangazi amepika maisha yake yote, na kwake yeye kuinjika chakula bila chumvi na kitunguu ni aibu, hata kama mlaji ana mkia. Nilipokuwa nakoroga unga wa sembe na boga lililopondwa, aliinama begani kwangu.

"Chumvi umetia?"

"Haitiwi."

"Kitunguu?"

"Kitunguu ndiyo kabisa, kinamharibia damu."

"Basi sema huyu mbwa mgonjwa, tumwombee dua."

Nikamchorea figo chini kwa mkaa, kwa ufundi wote niliousomea bayolojia, nikamweleza chumvi inapopita na inachofanya. Alisikiliza kwa adabu. Nilipogeuka kuchukua makaa nikamkuta ana chumvi kwenye ncha za vidole, mkono uko juu ya sufuria. Nikaudaka. "Kidogo tu," akasema, "isije ikasemwa imetoka kwangu."

Nilioka kwa moto wa juu na chini: makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko, kama mkate wa kumimina. Na ili biskuti zivutie, nikafanya jambo ambalo siku ile niliona ndilo werevu wenyewe. Nilikuwa nimechukua pale pale dagoni dagaa waliovunjika, nikawaroweka na kumwaga maji mpaka chumvi ikatoka, nikawaanika, nikawatwanga, nikawachanganya kwenye unga. Nikazikata ndogo, kama kete za dhumna. Zilinukia mpaka paka wa kijiji kizima walifanya mkutano wa hadhara uani kwetu.

Mbwa alizila kama hajaonja chakula tangu azaliwe. Alizunguka, akaruka, akalia kidogo. Nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyepewa shahada.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kelele kutoka dagoni. Nilikimbia mbio ambazo kama kungekuwa na wa kuzipima, leo ningekuwa naiwakilisha nchi. Nikakuta mbwa yuko chini ya kichanja, kinywa kimejaa, na mvuvi mmoja ameinua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo kwenye maji machache. Nilijitupa katikati, nikampitisha mbwa kamba ya shingo. Nikiwa nimeinama pale, nikaipata harufu ya mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa harufu ya kichanja.

"Jamani," nikasema, "kosa langu. Nimempikia dagaa."

Mkuu wa dago akasogea. "Umempikia nini?"

"Biskuti. Za dagaa. Ili abaki shambani."

"Umemwonjesha bidhaa," akasema polepole, "halafu unashangaa kaja dukani?"

Walicheka wote, hata yule mwenye pondo, ambaye ilibidi aliegemee ili asianguke. Mimi nilicheka pia, maana ukikataa kucheka mahali kama pale unachekwa mara mbili. Lakini kicheko kilipokwisha, mkuu wa dago hakuwa na uso wa mzaha tena.

"Nisikilize, msomi. Mbalamwezi inaingia. Mwezi ukiwaka hatuvui dagaa, na vichanja vitakuwa vitupu. Giza likirudi tunashuka baharini, dagaa wanaanikwa. Muda wako ni huo. Giza likirudi na huyu akarudi nalo, mimi nitaangalia upande mwingine."

Nikamshukuru. Nilikwenda nikanawa mikono, kwa udongo, kama nilivyolelewa, nikarudi nyumbani kumweleza shangazi.

Tulikaa kizingitini tukatafuta biskuti ya pili. Ilikuwa kama baraza la usuluhishi.

"Mtilie mayai," akasema shangazi.

"Ataingia mabanda ya watu."

"Nyama."

"Atahamia buchani."

"Samaki wa kuchoma."

"Shangazi!"

"Haya, samaki tumeachana naye." Akatafuna tambuu yake. "Shambani kwako una nini?"

"Muhogo. Na boga na viazi vitamu nilivyopanda katikati."

"Akikipenda cha huko si atakaa huko?"

Nikavuna boga, nikachimba viazi vitamu, nikavichemsha vikalainika, nikaviponda pamoja na sembe kidogo ya kushikamanisha na kiganja kimoja cha chicha iliyobaki shangazi alipokamua nazi. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna mafuta. Nikakanda, nikasukuma kwa chupa, nikakata, nikaoka kwa makaa machache mpaka zikawa kavu kabisa na zinalia zikivunjwa. Zilikuwa ngumu, ukimrushia mtu ya kichwa ungepelekwa baraza la kata.

Mbwa alinusa ya kwanza, akaniangalia kama mtu aliyealikwa pilau akaletewa maji ya moto. Akaiacha. Nikaiokota kwa jani, nikakaa, nikamngoja. Jioni aliila, taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo. Kesho yake aliila kwa pande zote mbili. Vichanja vilikuwa vitupu, harufu ya baharini ilikuwa ya bahari tu, na utamu uliokuwepo duniani ulikuwa wa boga. Ugali wake nilimpa kama kawaida, juu ya jani la mgomba ambalo nililitupa, lakini biskuti hakuipata bure. Niligonga vifuu viwili vya nazi, ko ko, na akija ndipo anapata. Kwanza nilisimama karibu naye. Kisha nikaenda mwisho wa tuta. Kisha ng'ambo ya shamba. Kisha barabarani, ambako wapita njia walisimama kuuliza kama msomi sasa anasomesha ngoma.

Mbalamwezi ilipokaribia kwisha alikuwa ameacha kujikuna. Manyoya mapya yalianza kuota mgongoni, na kwa jinsi yalivyong'aa ungeweza kusukia nywele mbele yake kama mbele ya kioo. Nguruwe mmoja alikuja akafukuzwa mpaka, kwa hesabu yangu, Ras Mkumbi, kwenye ncha ya kisiwa. Lakini hayo hayakunituliza. Dagaa walikuwa hawajarudi.

Giza likaingia. Asubuhi ya kwanza ya kuanika, nilikwenda shambani mapema na mfuko wa biskuti na vifuu vyangu. Shangazi alikuja pia, yeye ambaye shambani hakanyagi, eti kuangalia muhogo. Aliuangalia muhogo akiwa ameupa mgongo, uso kuelekea dagoni.

Upepo ulipogeuka, mbwa aliinua pua. Akasimama. Akashuka kati ya minazi bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini. Nikatelemka nyuma yake, nikasimama kwenye mnazi wa mwisho. Wavuvi walikuwa wamemwona. Mwenye pondo alikuwa nalo mkononi. Mkuu wa dago alikuwa ameketi juu ya ndoo, na kama alivyoahidi, aligeuza uso akatazama upande mwingine.

Mbwa akaweka miguu ya mbele juu ya kichanja.

Nikagonga. Ko ko. Hakugeuka. Nikagonga tena, nikagonga mpaka viganja vikawaka moto, na nyuma yangu nikamsikia shangazi, ambaye hajawahi kusema na mbwa maishani mwake, akipaza sauti: "We! Hebu njoo huku!"

Sikio lile lililochanika likasimama. Alikuwa na dagaa mmoja mdomoni. Mkia wake ulikuwa umetulia. Akatazama kichanja, akanitazama mimi. Kisha akashusha miguu, akamdondosha dagaa mchangani, akapanda kwangu mbio, ulimi nje. Nikamrushia biskuti. Akadaka.

Mwenye pondo alilitazama pondo lake, akaenda kulirudisha kwenye chombo.

Mkuu wa dago alikuja juu polepole. Aliomba biskuti moja, akaigeuzageuza, na kwa kuwa ilitoka mfukoni na haikuguswa na mbwa, akaing'ata. Alitafuna muda mrefu.

"Haina chumvi," akasema.

"Nilimwambia!" akajibu shangazi. "Mungu shahidi yangu, nilimwambia."

"Lakini kaja."

"Kaja," nikasema.

Akatikisa kichwa, akamtazama mbwa aliyekwisha kupanda shambani na kulala chini ya muhogo wangu kama mwenye shamba. Miguuni petu kulikuwa na rundo la vifuu vya nazi walizopikia wavuvi. Akainama, akaokota viwili, akaviweka tayari mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Hebu na mimi nijaribu."

"Viache!" Tulisema pamoja, shangazi akiwa wa kwanza. "Ukimwita wewe, ataitika!"

Aliviweka chini kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeweka mayai.