Safu ya Mengineyo

Dereva wa lori akifika Busia upande wa Uganda akauliza malazi safi, ataelekezwa kwangu. Si majivuno, waulize wenyewe. Vyumba kumi na viwili, choo ndani, na maji hayakatiki kwa sababu matangi niliweka mawili wakati wengine wanaweka moja na kuomba Mungu. Na shule mimi niliishia darasa la tatu. Nilianza na baiskeli, kubeba watu na mizigo kutoka geti la Uganda mpaka geti la Kenya, mapaja yakakauka kama miguu ya meza. Niliokaa nao dawati moja wakaendelea kusoma, bado wanaandika barua za kuomba kazi. Mimi barua nilikuwa siandiki. Nilikuwa naandikiwa.

Huko kuandikiwa ndiko kulikonifundisha wivu.

Anayekaa kaunta ni mke wangu. Kwao ni Tororo, chini ya vilima vya Osukuru, na alimaliza sinia foo, kidato cha nne. Mimi naitwa Baba Mapacha nyumbani mwangu, naye Mama Mapacha, na wageni wanamwita vyovyote wapendavyo mradi wasimwite jina la mchezo. Yeye ndiye anayeshika kitabu cha wageni, kile kikubwa chenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Amekipiga mistari kwa rula: jina, kitambulisho, atokako, aendako, chumba, saa. Safu ya mwisho kaiita Mengineyo. Katika nyumba nyingine zote za wageni hapa mpakani safu hiyo hukaa tupu. Yake ilikuwa imejaa tangu juu mpaka chini, mwandiko mdogo wa kushikana, na kwa lugha ya kwao, Dhopadhola.

Mimi nasoma mabango. Nasoma namba za magari na majina kwenye simu. Lakini herufi zikishikana mikono mimi nabaki nje ya mlango. Na Dhopadhola sikuwahi kujifunza, miaka kumi na tisa ya ndoa, kwa sababu yeye alijifunza Kisamia changu upesi mno na mimi nikaona yatosha. Nilidhani ile safu ni mistari ya Biblia. Hata niliwahi kuwaambia madereva, mke wangu anawaombea.

Kisha akauawa yule mtu mkubwa kule jijini. Jina lake silitaji, redio zimelitaja vya kutosha. Kwa wiki mbili Busia nzima ilikuwa wapelelezi, kila kinyozi alikuwa na mshukiwa wake. Siku moja asubuhi likasimama gari jeupe mbele ya mlango wangu, akashuka afande mmoja mwembamba, kola safi, kalamu mbili mfukoni.

"Mzee, kitabu ya wageni iko wapi?"

Nilimpa kwa mikono miwili. Moyo ulinijaa. Kesi ya taifa, na imekuja kwangu! Alishuka na kidole ukurasa hadi ukurasa, akafika mahali akasimama.

"Nani ameandika hii?"

"Mwenye nyumba ni mimi, afande."

"Mimi nauliza mkono, siulizi nyumba."

"Ni mimi," mke wangu akasema kutoka nyuma yangu.

Tangu dakika hiyo yeye akawa madamu, na mimi nikabaki mzee.

Akamuuliza ile safu ya mwisho inasema nini. Mke wangu akajibu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa bei ya chumba, kwamba ni sura za watu. Zamani mgeni mmoja aliondoka na televisheni yetu na mablanketi mawili. Polisi wakauliza anafananaje, na sisi wote pale hakuna aliyeweza kusema. Jina aliloandika lilikuwa la uongo. "Hapa mpakani jina ni kama mwavuli, afande," akasema. "Mtu analifungua kukiwa na mvua. Kwa hiyo mimi naandika kile ambacho hawezi kukifunga."

"Nisomee chumba cha saba."

Akasoma, akigeuza kwa Kiswahili papo hapo. "Mrefu. Anaegemea kushoto akitembea. Sikio la kulia lina pengo dogo chini. Mikono laini kama ya mwalimu. Anacheka kwa macho tu."

Afande alivuta kiti akakaa. Mimi nilibaki nimesimama, maneno hayo yakinizunguka kama nzi. Anacheka kwa macho tu. Miaka kumi na tisa, na mwanamke huyu hajawahi kuniambia mimi nacheka na nini.

Afande alirudi tena na tena. Walikitia kitabu kwenye mfuko wa plastiki angavu, wakabandika namba, wakakiita kielelezo. Walimwandikisha maelezo kurasa na kurasa, kila moja anatia sahihi chini. Siku nyingine wakamwandikisha sentensi ileile mara kumi kwa haraka, mara kumi pole pole, ili mtaalamu wa mwandiko kule makao makuu alinganishe. Afande alikuwa ameinama juu ya bega lake, akamwambia, "Madamu, ungekuwa kwetu polisi, saa hii ungekuwa mbali."

Nikakohoa. Soda niliipeleka mwenyewe, nikaweka kiti katikati yao.

"Afande, hata mimi hao watu nawakumbuka. Mmoja alikuwa na kofia."

"Kofia gani?"

Nikafikiri. "Ya kawaida."

Hakuiandika.

Nje, mama anayekaanga chapati mbele ya ukuta wangu aliniona nikirudisha chupa tupu, akapaza sauti mpaka upande wa pili wa barabara: "Bosi! Kumbe siku hizi mwenye nyumba ni madamu, wewe ni wa kubeba soda?" Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba ukuta anaoegemea nimeujenga mimi. Akasema hajabisha, yeye anauliza tu.

Sasa, jambo lenyewe likaja hivi. Afande aligundua wale washukiwa, yule wa chumba cha saba na wenzake, walikuwa wamelala kwangu hata kabla, miezi mingi nyuma, kwa majina mengine. Akataka kitabu cha zamani. Akatueleza sote wawili, na hapo kwa mara ya kwanza aliniangalia na mimi. Kitabu kipya peke yake hakitoshi, alisema. Wakili wao atasimama aseme huyu mama alisikia sura za washukiwa kwenye redio, akaja akajaza safu yake baadaye ili awe mtu maarufu. "Atamwita mwongo mbele ya nchi nzima. Kitabu ya zamani ndiyo itamfunga mdomo. Ijumaa narudi."

"Viko stoo, kwenye boksi," mke wangu akasema.

Mimi nikasema, "Tutatafuta. Panya ni wengi."

Nilisema hivyo kwa sababu kitabu chenyewe tayari nilikuwa nimekitoa, nimekifunga gunia, nimekificha chini ya kiti cha pikapu. Nilitaka kujua kwanza. Kama kwenye kurasa chache kuna mwanamume wa macho, humo katika kitabu kizima kuna wangapi? Afande atawasoma, mkalimani atawasoma, hakimu atawasoma, na mimi mwenye mke niwe wa mwisho?

Alhamisi asubuhi nikamwambia naenda Masafu kumwona mama. Nikashika barabara ya Tororo.

Huko yupo mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa lugha yao, miwani imefungwa kamba. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema natoka Busia, nimetumwa na jirani. Tukakaa barazani kwake, akafungua kitabu magotini.

"Nikusomee nini?"

"Wanaume."

"Wote?"

"Wale wazuri."

Aliniangalia juu ya miwani, kisha akaanza, na mimi nikamsikia mke wangu kwa Kiswahili cha mtu mwingine. Mnene, analala na taa, anampigia mkewe simu kila saa. Dereva, amenyoa ndevu leo, shavu moja limebaki na sabuni. Mama wa mitumba, amelia bafuni, nimempelekea chai. Mzee wa ng'ombe, harufu ya moshi, ameuliza kama kitanda kina upande wa mbele. Hakuna mzuri hata mmoja. Hata yule mrefu alikuwapo, jina lingine, sikio lilelile, na safari hiyo ameandikiwa: mikono laini, simpendi.

Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake. Ndipo mwalimu akasimama.

"Huyu hana chumba. Ameandikwa Mwenye Nyumba tu."

"Soma."

"Mwenye Nyumba. Ametoka saa nne, amesema Masafu kwa mama. Shati la buluu, amejipaka mafuta shingoni. Amerudi jioni. Viatu vina vumbi la Osukuru." Akafunua. "Huyu tena. Masafu kwa mama. Ameleta ndizi, amesema za shambani kwa mama, zina kamba ya soko la Tororo. Vumbi la Osukuru." Akafunua. "Tena."

Asiyepajua hawezi kuelewa. Udongo wa kwetu Masafu ni mwekundu. Kule Osukuru, barabara ya kiwanda cha mbolea inatoa vumbi la kijivu linaloshika kwenye ushono wa kiatu, na mke wangu amekulia humo, amelifagia tangu mtoto. Kulikuwa na mtu kule. Yamekwisha, na ya kuandika zaidi hapa hayapo. Lakini mimi nilijiona mjanja wa mpaka mzima, na kumbe kila nikiingia mlangoni nilikuwa napitishwa kaunta kama mzigo.

Mwalimu akacheka peke yake. "Huyu mwenye nyumba alifikiri vumbi halina lugha." Kisha akashusha macho pole pole kwenye viatu vyangu. "Umesema wewe ni nani kwake?"

"Jirani."

"Haya, jirani."

Nilirudi na kitabu kando yangu kwenye kiti. Njiani niliwaza moto. Kiberiti kilikuwepo, na panya nilishawatangaza. Kikifika mahakamani mkalimani atakisoma chote, kuanzia sikio la muuaji mpaka ndizi zangu, na yule mama wa chapati atakuwa na maneno ya kunitosha mpaka kaburini. Lakini kikiungua, wakili atamwita mke wangu mwongo mbele ya nchi nzima, na yeye katika nyumba ile ndiye peke yake ambaye hakuwa mwongo. Na lingine nitalisema, liwe baya au zuri: katika kitabu kile hakuna mwanamume aliyeandikwa mara nyingi kama mimi. Pamoja na aibu yote, nililijua hilo na halikuniuma.

Nilimkuta kaunta. Aliangalia viatu kwanza.

"Mama yuko aje?"

"Mzima."

"Baba Mapacha, kitabu kimetoka kwenye boksi. Panya wa hapa hawajafikia kubeba kitabu kizima."

Nikakiweka mbele yake, gunia na vyote.

"Umesoma?"

"Nimesomewa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Osukuru."

Alikung'uta gunia, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya kaunta. Mimi nikaanza kueleza, akainua mkono. Nikasema basi, tuchane zile kurasa zangu tu, chache.

"Kurasa nimezipiga namba mimi mwenyewe, moja mpaka mwisho. Ukichana moja, wakili atauliza iko wapi. Utamjibu wewe?"

"Watanisoma, Mama Mapacha."

"Mimi nimekusoma miaka yote hiyo, na nimekupikia."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. "Na yule wa macho?" nikauliza.

"Yupi?"

"Anayecheka kwa macho."

Aliniangalia mpaka nikashika kaunta. "Mtu anashtakiwa kwa kuua, wewe umeona macho yake tu?"

"Mimi nacheka na nini?"

"Wewe unacheka na mdomo wote, mpaka watu wa Kenya wanasikia." Na hakutabasamu.

Ijumaa nilimkabidhi afande kitabu kizima, kurasa zote. Nilitia sahihi kwenye fomu kama mwenye mali, herufi kubwa. Akaniuliza kilikuwa wapi. Nikasema stoo, na mke wangu akatazama dari.

Sasa ameitwa jijini kutoa ushahidi, na haya nayaandika mwenyewe hapa kaunta, herufi zangu zikisimama moja moja, binti yetu atazinyoosha. Gari lilimfuata leo asubuhi. Alivaa gomesi ya kijani niliyomnunulia mwenyewe, na afande akamfungulia mlango, jambo ambalo kwenye pikapu yangu sijawahi kulifikiria. Mama wa chapati akapiga vigelegele. Mimi nilisimama mlangoni pa nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali, nikapunga mkono, na afande akainama akamwambia kitu kabla ya kufunga.

Nilirudi kaunta nikafungua kitabu kingine, tulichonunua baada ya polisi kuchukua vile. Mgeni wa kwanza wa siku alikuwa hajafika. Safu ya jina nikaandika MWENYE KAUNTA. Atokako, HAPA. Aendako, MAHAKAMANI. Saa, MBILI ASUBUHI. Nikafika Mengineyo, nikakaa nayo kitambo. GOMESI YA KIJANI, nikaandika. MKOBA MWEUSI. AMEAMBIWA KITU NA AFANDE, AMECHEKA.

Nikaweka kalamu chini. Halafu nikaichukua tena, nikaongeza: KWA MACHO.