Mikono Tisa ya Alhamisi

Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, na kwa miaka ishirini na minane jina hilo halikuwa na ubaya wowote. Watoto walilitaja wakikimbia, wazazi wao walilitaja wakicheka. Alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati ndogo ya mwisho wa barabara, mwanamke mnene aliyevuka hamsini, mwenye viganja vikavu kwa kunawa na ulimi usio na breki. Karibu kila bega la kijana pale mtaani lilikuwa limepita mikononi mwake. Makovu yake aliyajua kama fundi cherehani anavyoujua mshono wake. Aliyachoma juu kidogo kuliko wenzake, na mtu akivua shati kwa joto, alijua papo hapo kama ni kazi yake au ya mwingine.

Kisha likaja gonjwa, na baada ya gonjwa ikaja chanjo yake, na baada ya chanjo wakaja wanasiasa. Hapo ndipo jina lilipogeuka.

Ugomvi wenyewe, niseme ukweli, haukuwa na kichwa wala miguu. Wenye madaraka walipochelewa kuleta chanjo, wapinzani wao walipiga kelele kwamba wananchi wanaachwa wafe. Ilipoletwa, wapinzani wale wale wakasema ni sumu, kwa sababu tu ya aliyeileta. Na wenye madaraka, ambao miezi michache nyuma walikuwa wakiapa kwamba gonjwa ni uzushi, sasa walijifanya madaktari kuliko madaktari. Wananchi wakabaki katikati wakigeuza shingo huku na huku. Ila walipoingiwa na hofu, hawakuwaogopa wanasiasa. Walimwogopa Mama Sindano.

Ilianza na vitu vidogo. Wanawake waliacha kukaa naye benchi moja. Mwenye duka alimwekea sabuni mezani badala ya kumpa mkononi. Watoto walimfuata kwa mbali, kimya, macho chini, mpaka siku moja mmoja wao akamweleza kwamba wanatazama kama bado ana kivuli. Msichana mmoja alimwomba, kwa adabu kabisa, amruhusu ambandike kijiko begani aone kama kitanasa kama kwenye sumaku. Alimruhusu. Kijiko kilianguka, na msichana akaondoka bila kuamini, kana kwamba kijiko ndicho kilichodanganya. Halafu asubuhi moja akakuta mlango wake umechorwa duara jeupe la chokaa. Akalifuta. Kesho yake lilikuwa limerudi, pale pale, ukubwa ule ule, na kwenye milango ya majirani hapakuwa na alama yoyote.

Zahanati nayo ilibadilika. Mabenchi yalikaa matupu kutwa. Alikuwa akiingia chumba cha chanjo asubuhi, anasoma kipimajoto cha friji na kuandika, kisha anarudi jioni anaandika tena, na katikati ya kuandika na kuandika hakuna aliyekuja. Friji ilikuwa ikinguruma, inanyamaza, inanguruma. Kuna nyakati alijikuta anaisubiri inyamaze, kisha anashikwa na woga ikishanyamaza.

Lililomkosesha usingizi hasa lilikuwa mama yake. Mama alikuwa na miaka sabini na minane na kifua kibovu tangu ujana, kifua cha kupiga filimbi kila hali ya hewa ikibadilika. Tangu mwezi ule uanze, wazee kumi na mmoja walikuwa wamezikwa mtaani, na wote walikuwa na vifua vizima kuliko chake. Muuguzi hakuhitaji kuambiwa na mtu. Gonjwa likiingia nyumba ile, mama hamalizi wiki.

Na mama alikuwa akiishi na Kipaza. Huyu alikuwa kitinda mimba, mdogo wake muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na jina alilipata kwa sababu hakuwa na sauti ya chini. Alikuwa akigombea udiwani upande wa wapinzani. Kila jioni gari lenye vipaza sauti lilimfuata nyumbani, likampeleka kuwaambia watu kwamba nyumba yake haina sindano. Mara mbili alimpandisha mama jukwaani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akasema huyu hapa mama yangu mzazi, hajachanjwa, mwoneni alivyo mzima. Watu walipiga makofi na mama akatabasamu, maana hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake. Muuguzi alipomfuata ndugu yake kumsihi, alimjibu asubiri uchaguzi upite. Akamuuliza, na mama akifa kabla ya uchaguzi? Kipaza akatazama saa yake, akasema anachelewa.

Basi ikatokea kwamba watu wakaanza kuja zahanati kwa dirisha la nyuma. Walikuja mmoja mmoja, mchana wa jua kali wakati barabara haina mtu, wakinong'ona kwamba wanaitaka chanjo lakini asijue mtu yeyote. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Muuguzi aliwaeleza shida yake. Kichupa kimoja kina dozi kumi, kikishafunguliwa hakidumu zaidi ya muda wa saa sita, na ameagizwa asikifungue kwa mtu mmoja akamwaga tisa. Lazima wapatikane kumi, siku moja, chumba kimoja. Waliposikia hivyo waligeuka kuondoka, kisha wakarudi. Akapanga Alhamisi saa saba na nusu mchana, kila mtu ajifunike apendavyo na asitamke neno. Alikuwa amefikisha wanane alipokuta karatasi imesukumwa chini ya dirisha, imeandikwa kwa herufi kubwa: NIWEKEE NAFASI YA ALHAMISI. Wa kumi akaja baadaye kidogo, akilia.

Alhamisi ilipofika walikuja tisa. Walikaa kwenye mabenchi kuzunguka ukuta, na kwa muda Mama Sindano alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Mmoja alikuwa na kofia ngumu ya pikipiki, kioo kimeshushwa. Mwingine alivaa koti la mvua juani. Watatu walikuwa wamejitanda vitambaa mpaka machoni, wengine barakoa na miwani myeusi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyejikuna. Mtu akisogeza mguu, wote waligeuza vichwa kwa pamoja kuutazama mguu huo. Walikuwa majirani wa miaka mingi, na walikuwa wakiogopana kama wafu.

Walimsubiri wa kumi nusu saa nzima, hakutokea. Muuguzi akasema kwa sauti ya chini kwamba yeyote atakayemchoma humo hamjui, na akimjua amesahau. Kisha akafungua kichupa.

Mikono ikaanza kutoka kwenye nguo, mmoja mmoja, mikono isiyo na watu. Hapo ndipo alipotambua kosa lake, maana wangeweza kuficha nyuso mpaka kesho, yeye aliwajua kwa makovu ya mabegani. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwenye duka. Wa tatu ulikuwa wa mwanamke aliyeapa mbele ya watu kwamba Mama Sindano anastahili chokaa ile ya mlangoni. Aliwachoma, akaandika namba daftarini pasipo majina, na hakuna msuli wa uso wake uliotikisika. Wa mwisho alikuwa mwenye kofia ya pikipiki. Alipandisha mkono wa shati, na begani palikuwa na makovu mawili yaliyokaribiana, yanamtazama kama macho.

Mtu wa makovu mawili dunia nzima alikuwa mmoja. Muuguzi alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na tisa alipomchoma mtoto mchanga wa mama yake, mkono ukamtetemeka, akakosea, akarudia. Safari hii hakukosea. Kwenye kioo cha ile kofia aliuona uso wake mwenyewe tu. Akataka kusema, "Na mama je?" Kofia ikainuka ikatoka, na viatu vyake vikasikika uani vikikimbia.

Kichupani ilibaki dozi moja, na mwisho wake ulikuwa saa mbili usiku. Aliiweka kwenye kisanduku cha baridi, akavua koti la kazi, akaenda kwa mama.

Alimkuta kitandani, kifua kikipiga filimbi kidogo. Akamsihi kwa kila namna aijuayo binti. Mama alimsikiliza kwa upole, kisha akasema mdogo wake hajachomwa naye ni mzima, na litakalompata mwanawe ndilo litakalompata yeye. Hapo ulimi ulimuwasha muuguzi kuliko siku zote. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini alikuwa ametoa neno mbele ya watu tisa, na neno hilo likivunjika hatakuja mtu tena dirishani, na mitaa ile itaendelea kuzika. Akauma meno, akanyamaza. Alijichukia kwa kunyamaza kule.

Kipaza akaingia kubadili shati kwa ajili ya mkutano. Nje gari lilikuwa tayari linamsubiri, injini inaunguruma, watu wamelizunguka. Alimsalimia dada yake bila kumtazama. Mama akataka kukaa, akanyoosha mkono kama kila siku, akamshika mwanawe begani ili ajiinue. Kipaza aliruka.

"Nimelalia mkono," akasema.

Mama hakumwachia. Alikuwa amelea watoto sita, na alijua bega la mtoto aliyetoka zahanati. Alilibonyeza taratibu kwa kidole gumba mpaka akapafikia mahali, na Kipaza akafumba macho. Mama akamtazama binti yake, binti akatazama ukuta.

"Leo?" mama akauliza.

Kipaza hakukana.

Muuguzi aliona njia imefunguka bila yeye kuvunja neno. Akafungua kisanduku haraka, akavuta dozi, akachukua pamba. Mama akashusha mkono wa gauni lake, akaushika kwa vidole.

"Rudisha, mwanangu," akasema. "Huyu ameshawaambia watu kwamba nyumba hii haina sindano. Kama yeye anayo, basi nibaki mimi, neno lake lisiwe uongo mtupu."

Kipaza alipiga magoti. Hakuwa na sauti ya jukwaani sasa, alikuwa na sauti ya mtoto. Alisema alichomwa kwa kumwogopea mtoto wake mwenyewe, bado mdogo, alisema angemleta mama baadaye kwa siri, alisema kesho atawaeleza watu kila kitu. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, akamfuta jasho usoni kwa ncha ya kitambaa chake.

"Kesho mbali," akasema. "Gari liko nje, kipaza kiko nje. Kawaambie sasa. Nikikusikia kwa masikio yangu, dada yako anichome."

Kipaza akatoka. Muuguzi alibaki amesimama na sindano mkononi, na mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa gauni umepandishwa nusu. Walisikia mlango wa gari. Walisikia kipaza kikigongwa kwa kidole, kisha pumzi ya mtu, kubwa, imejaa nyumba nzima kama alikuwa anawapumulia shingoni. Akawasalimu wananchi. Wakaitikia. Kisha akanyamaza, na vipaza vikavuma tu, na muda ukapita ambao dada yake hakuwahi kuuona mrefu kuliko huo. Alikuwa akimwomba kimoyomoyo, akimwita kwa jina alilomwita akiwa mchanga.

Sauti ikarudi. Ikaanza kuzungumzia barabara. Ikasema mitaro imeziba, ikasema soko halina paa, ikauliza maji yanatoka mara ngapi kwa wiki. Gari likaanza kusogea, na maji na mitaro vikaenda nalo vikipungua mpaka mwisho wa mtaa. Mama alitega sikio hadi hakukuwa na kitu cha kusikia. Ndipo akafunga kifungo cha mkono wa gauni.

Muuguzi alilia waziwazi mbele ya mama yake, akaomba tena, akapiga magoti pale pale alipopiga mdogo wake. Mama alimpapasa kichwa. Akajilaza. Muuguzi akakaa kwenye kiti, kisanduku mapajani, akiisikiliza filimbi ya kifua ikiingia na kutoka, na saa ya ukutani ikala saa kumi na mbili, ikala saa moja. Saa mbili ilipofika ile dozi ikawa maji tu. Aliitupa kwenye boksi la sindano zilizotumika alilokuja nalo, akafunga kifuniko.

"Mdogo wako amerudi?" mama akauliza gizani.

"Bado, mama."

"Mwekee chakula. Anaporudi mikutanoni anakuwa na njaa sana."

Muuguzi akawasha taa, akaenda jikoni, akapakua.