Nilitoa rangi kwenye maji, nikaua mboga za jirani

Bunia, Jumapili, mwezi wa kumi. Asubuhi mvua ya mawe kidogo, mchana jua kali, sasa mawingu yamerudi na sijui yanataka nini.

Wakuu, salamu kutoka Ituri. Nasoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuandika, maana shule yangu iliishia sekondari ya chini na Kiswahili chetu cha huku mnakijua. Leo naandika. Nitasema na yale yanayonichoma mimi mwenyewe, kwa sababu nikiyaruka uzi huu hautakuwa na faida.

Kazi yangu ni kupaka rangi nguo. Mtu ana jinzi iliyopauka, au koti la mitumba lenye madoa, ananiletea, naichemsha kwenye pipa na rangi ya unga na chumvi nyingi, inarudi nyeusi au bleu, yaani buluu, kama mpya. Chumvi ndiyo inayoifanya rangi ishike kwenye nguo.

Tatizo ni maji yanayobaki. Miaka yote niliyamwaga kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Mfereji unashuka hadi kwa jirani yangu, Mama Dorika, mjane anayelima lengalenga, yaani mchicha, na kuziuza sokoni. Ndizo zinazomlisha.

Alilalamika mara ya kwanza, nikasema pole. Mara ya pili, pole. Mara ya tatu alikuja amekumbatia bata.

"Papa Neema, angalia hii bata. Ilikuwa mweupe. Iliingia mu mufereji yako, sasa iko bleu. Nani atanunua bata bleu?"

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Mama Dorika hakucheka.

"Muchekeni. Mi naenda kwa shefu."

Akaenda kweli. Shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa wetu, akanipa wiki tatu: maji ya rangi yasionekane tena kwenye mfereji, la sivyo nizime moto wa pipa langu. Mimi sina kazi nyingine. Tulipohama kutoka Butembo nilikuja na ufundi huu tu.

Sasa sikilizeni. Nina mteja mmoja, mwalimu wa kemia. Nilimweleza, akaniambia makala, yaani makaa ya kupikia, yanaweza kuondoa rangi. Alisema kipande cha makala kina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na rangi inapopita inajibandika kwenye kuta za vile vitundu. Maji yanaendelea, rangi inabaki. Akasema hata magunzi ya mahindi yaliyochomwa bila hewa nyingi yanafaa. Vunja vipande vidogo, osha vizuri, panga juu ya mchanga, pitisha maji polepole.

Aliniambia nioshe. Nilisikia vizuri. Nisimsingizie mwalimu.

Ila wakuu, nani anaosha makala? Jambo hilo lilinichekesha. Tena maji hapa tunayabeba kichwani kutoka kwenye bomba la mbali, nikaona ni kupoteza bidoni nzima, yaani dumu zima la maji, kwa ajili ya kitu cheusi ambacho kitabaki cheusi.

Kwa hiyo nilikusanya yote yaliyobaki kwenye mbabula ya mke wangu, lile jiko letu la makala, pamoja na majivu yake. Nikaongeza chenga ambazo muuza makala huzitupa. Nikatoboa pipa la plastiki chini, nikaweka kokoto, mchanga, kisha ule mchanganyiko wangu.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kuliko yalivyoingia. Nikakata tamaa. Ya pili kijivu. Nikayarudisha juu, mara tatu, mara nne. Siku ya tatu yakatoka meupe kabisa, unaona kidole chako ng'ambo ya glasi.

Nilijisikia mtu mkubwa, sitaficha.

Nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nilibeba bidoni mbili za yale maji hadi kwa Mama Dorika, na kwa mkono wangu nikamwagilia tuta lake la lengalenga changa, alizokuwa amepanda upya. Nilitaka aone. Yeye alisimama pale, akasema tu, "Aksanti, jirani."

Kesho yake nikapeleka tena.

Siku ya nne tangu nimwagilie aliniita. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Tuta zima lilikuwa limelala, majani yameungua pembeni kama yaliyopitiwa na moto. Matuta mengine, ambayo sikuyagusa, yalikuwa mazima.

Nikaanza kujitetea. "Mama, maji iko safi. Uliona mwenyewe."

Alichukua bidoni yangu, akalowanisha kidole, akaweka kwenye ulimi. Nikamwambia asifanye hivyo, akawa ameshafanya. Akatema.

"Uliweka nini mule ndani?"

"Makala. Na majivu kidogo."

"Na pipa umeitoboa chini?"

"Ndiyo."

Akaiweka bidoni chini.

"Weye, hii ni chungu ya chumvi! Bibi yangu alifanya hivi. Anachoma majani ya mu maji, anaweka majivu mu chungu ya kutoboka, anamwanga maji juu, ile inatonyatonya chini anapikia maharagi. Siye wote tulikula ile. Umenitengenezea chumvi, kisha unanyweshea mboga. Hata mutoto wa kijiji anajua."

Hata mimi nilijua, wakuu. Mama yangu mzazi alitoa chumvi hivyo hivyo wakati wa vita, chumvi ya duka ilipokosekana. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini kwa kuwa safari hii nilikuwa nafanya "kemia", sikufikiri kama ni kitu kile kile.

Nilimwomba msamaha na nikapalilia tuta lile, nikabeba udongo mpya. Halikuwa kubwa, lakini ni wiki kadhaa za soko lake. Hilo sikuweza kulirudisha.

Basi nikaosha makala. Bidoni tatu, hadi maji ya kuosha yasiteleze tena mikononi kama ya sabuni. Nikapitisha maji ya rangi: meupe. Nikaweka kidogo kwenye kifuniko, juani. Yalipokauka ukabaki ukoko mweupe.

Chumvi bado. Majivu yametoka, ila ile chumvi ninayotia mwenyewe kwenye pipa, makala hayaikamati. Inapita tu.

Wiki ya tatu shefu akaja na watu wawili. Mama Dorika alikuwa sokoni. Shefu akainua glasi kwenye mwanga.

"Ah, Papa Neema! Hii unaweza kupikia chai. Fungua mufereji yako, mambo imekwisha."

Mke wangu aliniangalia. Nadhani alitaka ninyamaze, ingawa baadaye amekataa, kwa hiyo naandika pande zote mbili. Mimi pia nilitaka kunyamaza. Ruhusa ilikuwa imeshatoka mdomoni mwa shefu.

Nikasema, "Shefu, rangi imetoka, lakini chumvi iko ndani. Ikishuka kwa Mama Dorika, mboga itakufa."

"Sasa nani alikuuliza?"

"Hakuna."

Akakasirika kidogo. Akasema basi tone lisitoke kabisa kwenye uwanja wangu, na siku Mama Dorika akiona unyevu kwenye mfereji, yeye ndiye atakayesema kazi yangu iishe, si shefu. Nilikubali, ingawa sikujua maji yale nitayapeleka wapi.

Jibu lilikuja nikiwa nachota maji ya kupaka koti. Chumvi siitaki kwenye mboga, lakini kwenye pipa la rangi naihitaji. Kwa nini nisiyarudishe maji yale yale? Nikayarudisha. Koti lilishika rangi vizuri, na chumvi niliongeza kidogo tu. Suruali moja ya baada yake ilitoka na mabaka. Sijui kama ni maji au ni kitambaa chenyewe, kwa hiyo msiniamini moja kwa moja.

Jioni ya siku ile ya shefu Mama Dorika alipita uani kwangu akitoka sokoni, beseni tupu mkononi.

"Wananiambia ulijishitaki weye mwenyewe. Sasa mi nitakushitaki na nini?"

Akaenda zake. Kila asubuhi bado anakuja kuangalia mfereji, anauinamia kabisa. Ana haki. Siku nikiona haji ndipo nitajua kwamba ananiamini.

Nilichojifunza: nilipima maji kwa jicho, mboga zikayapima kwa mzizi. Maji meupe ni maji yasiyo na rangi, basi. Kilichobaki ndani yake unapaswa kukiulizia, hasa kama hunywi wewe.

Nina swali kwenu, maana hapa nimekwama. Makala yaliyokwisha kunywa rangi niyapeleke wapi? Nina gunia limejaa. Mke wangu hataki yaingie kwenye mbabula, anasema moshi wake hatuujui, na sina hoja ya kumpinga. Kuyazika naogopa mvua. Mwenye uzoefu aseme, hata kama ni kunikosoa.

Leo tumekula bugali ya muhogo na samaki kavu wa Tchomia, kule ziwani. Mtoto wetu Neema amekula sahani mbili.