Nilivyomsomea Mama Mkwe Biblia Nzima

Siku niliyomkuta mama mkwe wangu anatunga uzi kwenye tundu la sindano, alikuwa ana majuma tisa haoni.

Na mimi nilikuwa nimebakiza kurasa kumi na moja kumaliza Biblia.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo mtanihukumu vibaya.

Mimi ni fundi friji. Friji ikifa nafungua, natoa kilichoungua, naweka kingine. Akili yangu yote iko hivyo, na ndivyo nilivyoharibu ndoa.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa. Msichana. Nilisimama kando ya kitanda cha hospitali nikatafuta neno la kumwambia mke wangu. Neno lililonitoka ni hili:

"Usijali, tutapata mwingine."

Kama kompresa ya friji iliyoungua.

Mke wangu akageukia ukutani. Aliporuhusiwa hakuja kwangu, akaenda kwa mama yake. Nikipiga simu ananijibu kama mtu aliyepigiwa na namba asiyoijua.

Miezi minne ikaenda hivyo. Mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa macho, siku mbili baadaye akanipigia.

"Nimefungwa bandeji. Daktari amesema majuma mawili. Njoo unisomee Biblia."

"Mama, binti yako ni mwalimu. Si yupo hapo?"

"Sijamwita mwalimu. Nimekuita wewe."

Nani anabishana na mama mkwe? Nikaenda.

Nilidhani nitasoma zaburi mbili tatu, nipewe chai, huku jicho moja linamtafuta mke wangu. Thubutu. Yule mama ni kiongozi wa akina mama kanisani kwa miaka thelathini, hatoki nyumbani bila Biblia kwapani. Akasema tunaanza ukurasa wa kwanza, na nikiruka mstari atajua.

Basi kila jioni saa kumi na moja niko sebuleni kwake, grisi kwenye kucha, nasoma. Mke wangu akisikia hodi yangu anaingia jikoni, anafunga mlango.

Niseme ukweli, kanisani nilikuwa naenda kulala. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wale watu ni vichwa vigumu kiasi kile. Nuhu anaokolewa na gharika, tukigeuka kidogo amelewa chakari, yuko uchi. Yakobo ni tapeli tangu tumboni. Daudi ndiyo usiseme. Mimi ningekuwa jirani yake ningehama.

"Mama, hawa ndio watakatifu?"

"Soma."

Majuma mawili yakawa manne, manne yakawa sita. Bandeji iko palepale. Sikuuliza, mimi najua mafriji, sijui macho.

Kila baada ya siku chache ananikatisha.

"Ile bustani waliyofukuzwa, wameshairudia?"

"Bado, mama. Wako jangwani wanalalamikia chakula."

Juma jingine: "Wamerudi?"

"Ndiyo kwanza wamechukuliwa utumwani."

"Na Mungu hajawaacha tu?"

"Bado anawafuata."

Alikuwa anaguna, ananionyesha kwa kidole niendelee.

Hilo swali likaanza kunifuata kazini. Nimelala chini ya friji ya bucha, nawaza: mambo yaliharibika ukurasa wa tatu. Wa tatu! Kurasa elfu na ushee zilizobaki ni za mmoja anayekataa kuondoka. Mara moja alijaribu ufundi wa aina yangu, akafuta karibu wote aanze upya. Hakuurudia.

Tukafika Yeremia. Pale penye mama anayelilia watoto wake na hataki kufarijiwa.

Nikaacha kusoma. Jikoni, vyombo vikanyamaza.

Nikajilazimisha mstari unaofuata. Yule mama hakuambiwa atapata wengine. Aliambiwa hao hao watarudi.

Nililia kimya kimya, nikijua niko na kipofu.

Kuanzia siku ile mlango wa jikoni ukawa wazi. Na kwenye vipimo vya hekalu la Ezekieli niliposinzia, mama mkwe alinigonga goti kwa fimbo, katikati kabisa. Kipofu, na shabaha ile. Wala sikushtukia kitu.

Sasa ile siku ya sindano. Nilifika mapema, mteja hakuwepo. Nikamkuta dirishani, macho makavu, hana bandeji.

"Mama, unaona?"

Akavuta uzi, akapiga fundo.

"Naona."

"Tangu lini?"

"Tangu Yeremia. Bandeji ililegea, nikakuona unalia."

"Kwa hiyo Maombolezo yote nimesoma nimepigwa changa la macho."

"Na manabii wadogo."

"Bandeji alikuwa anakufunga nani?"

"Mkeo. Kila siku, robo saa kabla hujafika. Nilimwambia, mumeo akijua naona hatarudi tena. Akaenda kuileta bandeji mwenyewe."

Nikakaa.

"Na macho yalipopona, kwa nini hukusoma mwenyewe?"

Akachungulia mlangoni kwanza. Akashusha sauti.

"Sijui kusoma."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Kanisani nasema nimesahau miwani. Mistari naishika kwa kusikia. Leo kipande cha Musa, Jumapili ijayo kipande cha Paulo. Miaka thelathini nawaambia wenzangu wasikate tamaa, na mimi mwenyewe sijui kama kitabu kinaisha vizuri."

Mke wangu akaingia na bandeji mkononi. Akatuangalia. Akaiweka mezani, akaketi karibu yangu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Madude yenye vichwa saba, moto, vita, nikaona hapa hatutoki. Mara vurugu ikaisha. Mji ukashuka, mto, ule mti wa bustanini upo kando ya maji, na machozi yanafutwa jicho kwa jicho. Nikashindwa. Mke wangu akakichukua kitabu akamalizia.

Mama mkwe akaiweka sindano mezani.

"Kumbe," akasema. Basi.

Uani nilimwambia mke wangu, "Nilikosea pale hospitali."

"Ulikosea sana," akajibu. Lakini hakugeuka.

Alirudi nyumbani juma lililofuata. Mama mkwe alimwambia siri yake mwenyewe, na ndiye ameniruhusu kuandika haya, mradi niseme kwamba binti yake anamfundisha kusoma. Amefika kwa Ibrahimu na ana malalamiko.

Mtoto mwingine hatujapata. Watu wakituuliza tuna wangapi, mke wangu anajibu mmoja. Mimi simsahihishi.

Somo? Mimi si mchungaji, na mahubiri marefu bado yananilaza. Ila kama umeisikia Biblia vipande vipande ikakuchosha, tafuta mtu mkali umsomee yote kwa sauti. Utakuta ni habari za fundi aliyeharibikiwa kazi yake mapema kabisa, akakataa kutafuta nyingine.